Chora wazo lako kabla ya kuliandika

Kikundi cha wakulima wa parachichi wilayani Rungwe kikitaka kuwa na kituo cha pamoja cha kukusanyia matunda, mara nyingi huanza kwa kuandaa andiko la mradi lenye kurasa nyingi, ambalo wanachama wengi hawalisomi. Ni afadhali kuanza na penseli na karatasi moja isiyo na mistari.

Chora shamba, kituo, gari na mnunuzi kwa maumbo mepesi: mraba, duara, mtu wa vijiti. Uzuri wa picha si hoja, na anayejisifu kwa kuchora vizuri huwa na hatari ya kupamba badala ya kufikiri. Kisha unganisha maumbo hayo kwa mishale, na juu ya kila mshale uandike ni nani anayefanya kazi hiyo, kwa muda gani na kwa gharama ya nani. Hapo ndipo penye kazi yenyewe, kwa maana mshale usioweza kuuandikia neno unakuonyesha mahali ambapo wazo lako halijakamilika. Parachichi, kwa mfano, haliivi likiwa mtini bali huiva baada ya kuchumwa; kwa hiyo mshale utokao shambani kwenda kituoni lazima uwe na idadi ya saa, pamoja na jibu la nani atabeba matunda wakati barabara ya udongo imekuwa tope.

Mchoro huohuo huwashawishi wengine. Mwaka 1854 daktari John Snow, ambaye tayari alishuku kuwa ugonjwa huo huenezwa na maji, aliweka alama za vifo vya kipindupindu kwenye ramani ya Soho, London, na watu wakaweza kuona jinsi vilivyolizunguka bomba la maji la mtaa wa Broad Street.

Mkutanoni, usibandike mchoro uliokwisha kukamilika. Chora hatua kwa hatua kwenye bango kitita, yaani karatasi kubwa za kuandikia mbele ya watu, huku watu wakikusahihisha, au, kama wapo wanaoiogopa kalamu, tumieni vijiti na punje za mahindi ardhini, kwa kuwa punje husogezwa na yeyote bila aibu. Mwombe mtu ambaye hakuwapo aueleze mchoro bila msaada wako. Akikwama, rekebisha mchoro, usimrekebishe yeye. Mwishoni upige picha kwa simu kabla uwanja haujafagiliwa, ndipo uandike andiko lako ukifuata mishale.