Kifaa cha Kupimia Tabia ya Dayodi

Fundi wa redio wa Mwanjelwa, Mbeya, anayetumia tena dayodi (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) za bodi chakavu, anahitaji kuona jinsi mkondo unavyopanda kadiri volti zinavyoongezeka. Unganisha ncha za pembeni za potenshiometa (rezista ya kuzungusha, yenye ncha tatu) ya ohmu 1,000 na betri ya volti 9, kisha kutoka ncha ya kati pitisha umeme kwenye rezista (kizuia mkondo) ya ohmu 1,000, halafu kwenye dayodi, mstari uliochorwa juu yake ukielekea upande wa hasi wa betri. Rezista hiyo isikosekane kamwe, kwa kuwa huilinda dayodi na pia hupima mkondo: kila volti 1 inayosomeka kati ya ncha zake ni miliampea 1.

Zungusha potenshiometa polepole kuanzia sifuri, ukiandika volti za rezista na za dayodi, kisha uchore grafu. Dayodi nzima ya silikoni hupandisha mkondo karibu na volti 0.6. Vipimo vya asubuhi ya baridi ya Julai visilinganishwe na vya mchana, kwani volti hizo za dayodi hupungua takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi 1 ya joto inayoongezeka. Ukiigeuza dayodi ya silikoni na mkondo ukaonekana, imeharibika, isipokuwa iwe ya zena, yaani iliyotengenezwa kupitisha mkondo kinyume volti zikifika kiwango fulani.