Muuguzi anayetaka kuongoza utafiti wa haki ya afya aanzie kwenye rejesta

Wauguzi wanaonipigia simu kutoka Bahi, Kongwa na Mpwapwa, wilaya za hapa Dodoma, huniuliza jambo moja: dada, nisome kozi gani niwe mtafiti? Kozi nitaisemea. Kwanza fungua rejesta ya wajawazito, kile kitabu cha 6 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, unachokijaza kila siku ya kliniki mpaka vidole vinauma.

Andika vitongoji vyote vinavyohudumiwa na zahanati yako, kisha hesabu mahudhurio ya kwanza ya kila kitongoji kwa mwaka mzima. Tenga waliokuja kabla ya wiki 12 na waliokuja mimba imeshakuwa kubwa. Tenga pia kifuku na kiangazi. Idadi ya kaya mwombe mwenyekiti wa kitongoji, maana kitongoji cha kaya 30 hukilinganishi hivi hivi na cha kaya 200.

Mimi nilifanya hivyo jioni moja, baada ya chanjo, kwenye zahanati wilayani Chamwino. Kitongoji kimoja kilikuwa karibu kitupu kuanzia Januari hadi Machi. Miaka minne nilikuwa nikiwapokea wanawake wa kule wakiwa wamechelewa, nawagombeza kwamba ni wazembe. Nilipokwenda kwa miguu ndipo nikaliona korongo. Mvua ikinyesha huko juu linajaa, halivukiki, na ndiyo miezi ya kupalilia uwele. Bado naumia nikikumbuka maneno niliyowaambia.

Kwa hiyo usiulize kwa nini wanawake hawaji kliniki. Swali hilo linamtia mama hatiani kabla hajafungua mdomo. Uliza huduma yetu haimfikii nani, lini, na kwa sababu gani. Makadirio ya vifo vya uzazi nchini yalitoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16 hadi 104 katika ule wa 2022, na nafurahi kutoka moyoni. Lakini huo ni wastani wa nchi nzima. Aliyebaki ng'ambo ya korongo unamjua wewe.

Hata Kongwa, ambako trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, imechunguzwa tangu miaka ya 1980, somo ni hilo hilo. Kope zinazogeuka na kukwaruza jicho huwapata zaidi wanawake, kwa kuwa wao ndio wanaoshinda na watoto wadogo wenye maambukizi. Ukijaza "wananchi" tu kwenye dodoso, bila kuuliza nani analea na nani anateka maji, hutaliona.

Sasa kozi. Kwa stashahada unaweza kuanza kuhesabu. Kuongoza kunahitaji shahada ya uuguzi, kisha uzamili, na baadaye uzamivu. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo hapa hapa tangu 2007. Takwimu na epidemiolojia, yaani elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea, usizikimbie, hata kama hesabu zilikutesa sekondari. Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga isiishe muda ukiwa masomoni.

Andiko lako la utafiti lipite kamati ya maadili, ya chuo au ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, kulingana na utafiti wenyewe. Halafu barua zishuke ngazi kwa ngazi: mkoa, halmashauri, mganga mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Usiruke hata mmoja. Asiyejua kusoma asomewe fomu ya ridhaa mbele ya shahidi, kisha aweke dole gumba.

Maswali ndiyo yanayokula muda, na yape muda huo. Tafsiri kwa Kigogo, au Kirangi ukiwa Kondoa, halafu mtu mwingine asiyeyajua ayarudishe kwa Kiswahili, uone kilichopotea. Tuliwahi kuuliza "ulilipa gharama gani kliniki?" Karibu wote wakajibu hakuna, kwani wajawazito wamesamehewa malipo. Tulipobadili tukauliza "siku ile hela ilikutoka wapi na wapi?", zikaja nauli za bodaboda, chakula cha njiani, na kibarua kilichopotea.

Kwenye mradi wangu wa kwanza niliambiwa mbele ya watu kwamba kazi ya muuguzi ni kukusanya dodoso. Nilikusanya, na jina langu halikuandikwa popote. Ndiyo maana siku hizi, kabla ya dodoso la kwanza, tunaandikiana: mtafiti mkuu ni nani, nani atachambua, majina yatafuatanaje kwenye makala. Dai hilo mapema, kwa upole, na lisainiwe.

Matokeo yafike kijijini kabla ya mkutano wa wataalamu. Subiri mavuno yaishe, omba nafasi kwenye mkutano wa kijiji, salimia kwa Kigogo, "mbukwenyi", bandika ramani ya vitongoji kwenye karatasi ya manila. Nilipolionyesha korongo, bibi mmoja aliinuka na fimbo yake akasema nimesahau njia ya juu, ndefu lakini haijai maji. Tukaichora pale pale kwa kalamu nyekundu. Januari iliyofuata huduma ya mkoba, yaani kliniki inayowafuata watu walipo, ilipita njia hiyo kwa pikipiki, na mizani ya watoto tukaitundika kwenye mti wa uani kwake.