Blowa ya Corolla ya zamani imekufa? Jua kwanza kilichoiua

Wenye Corolla za miaka ya 90, ile 100 iliyotoka Japani 1991 na 110 iliyoifuata 1995, hii inawahusu sana maana gari bado zinadunda barabarani ila umri umeenda, na kitu kimoja kinachokufa taratibu bila mtu kujali ni blowa, ile feni ya ndani ya dashibodi inayopuliza hita na AC. Ukiwa Dar utaona ni usumbufu wa joto tu, unashusha kioo maisha yanaendelea. Sasa toka Mafinga alfajiri ya mwezi wa saba uende Njombe na mvuke umejaa kwenye kioo cha mbele, au pita Kimende kule Kenya ukungu ukiwa umeshuka, halafu feni haipulizi, unaendesha mkono mmoja mwingine unafuta kioo na kitambaa huku lori linakuja mbele yako. Hapo hakuna starehe ya kuzungumzia, ni kuona au kutokuona.

Kazi yenyewe unaweza kuifanya nyumbani, unahitaji bisibisi ya nyota, spana ya boksi namba 10, multimita (kipima umeme) ya bei rahisi tu, msasa laini na tochi. Ila kuna kitu nataka ukishike tangu mwanzo kwa sababu mafundi wengi wanakiruka: rezista ya blowa, kile kifaa cha koili kinachopunguza umeme ili feni ipulize polepole, haiungui bure. Ukibadilisha rezista bila kujua nini kiliiunguza, mpya nayo itaungua na utarudi dukani kutoa hela nyingine.

Kwanza tuelewane hiyo feni inavyofanya kazi. Moto, yaani umeme wa chanya, unatoka kwenye betri, unapita fyuzi na rilei ya hita (swichi inayowashwa na umeme), unafika kwenye mota. Kwenye Toyota nyingi za enzi hizo swichi ya spidi haikati upande wa moto, inakata upande wa athi, ule wa nega unaorudi kwenye bodi ya gari, yaani mota inapata moto muda wote ukishawasha feni, halafu inarudi athi kupitia rezista na swichi. Spidi namba 1 inapita kwenye koili zote za rezista kwa hiyo mota inazunguka polepole, 2 na 3 zinapita kwenye koili chache, na namba 4 haipiti rezista kabisa. Ukilielewa hilo umeshajua nusu ya ugonjwa bila kufungua hata skrubu moja.

Ikipuliza namba 4 tu, zingine kimya, karibu hakika ni rezista, na mara nyingi ni ile fyuzi ndogo ya joto iliyo juu yake, inayokatika rezista ikipata moto sana, ndio imekata. Zikipuliza 1 mpaka 3 lakini 4 haipo, angalia swichi au soketi yake. Ikiwa kimya kabisa spidi zote, anza na fyuzi, rilei, halafu mota. Ikiwa inaanza inakata, inaanza inakata, au inaamka ukipita kwenye shimo, hiyo ni brashi za mota, vile vipande vya kaboni vinavyoipelekea umeme, zimeisha au soketi imelegea. Ikipiga kelele ya trrr, kuna jani limeingia kwenye mapanga au bushi, zile pete ambazo shafti inazungukia ndani yake, zimekauka. Na ikipuliza upepo mwingi lakini wa baridi hata injini ikiwa imepata moto, usiguse feni, tatizo liko kwenye maji ya injini, themostati au ile valvu ya kupitisha maji kwenda hita, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Anza na fyuzi kwa sababu ni bure. Fyuzi ya blowa ni kubwa, mara nyingi ya ampea 30 au 40, iko kwenye boksi la fyuzi, soma mfuniko wake utaona imeandikwa HEATER. Ikiwa imekata weka ya namba ileile, na hapa nasema kwa msisitizo, usikubali fundi akuwekee kubwa zaidi au akazungushie waya wa shaba eti isikate tena. Fyuzi ipo kulinda waya, ukiweka kubwa waya ndio unakuwa fyuzi, na waya huo umepita ndani ya dashibodi iliyojaa plastiki na sponji. Fyuzi ikikata tena ina maana mota inakula umeme kupita kiasi, nenda moja kwa moja kwenye mota.

Kabla hujafungua chochote toa kichwa cha nega cha betri usubiri dakika chache, hasa kama gari yako ina eabegi ya abiria. Waya za eabegi zina rangi ya njano, usizichomoe na usizipime na multimita. Kama redio yako ni zile zinazodai namba ya siri ukitoa betri, uwe na hiyo namba kabla.

Mota iko upande wa abiria, nyuma ya glavu boksi, kwa gari zetu za usukani kulia basi ni kushoto chini. Fungua glavu boksi, toa skrubu zake, litoe lote, kuna na kipande cha chuma au plastiki nyuma yake kinatoka pia. Chungulia kwa chini utaona mota ya duara imetazama sakafuni na soketi ya waya mbili, imeshikwa na skrubu tatu. Rezista iko karibu yake, imechomekwa ndani ya njia ya upepo, ina skrubu mbili na soketi yake. Imewekwa pale makusudi ili upepo wa feni uipoze, likumbuke hilo tutalirudia.

Sasa kupima. Rudisha betri, washa swichi ya gari, weka feni namba 4, halafu pima soketi ya mota ikiwa imechomekwa, ingiza sindano za multimita kwa nyuma ya soketi pembeni ya waya. Watu wanachomoa soketi wanapima wanaona volti 12 wanasema umeme upo, kumbe soketi ina kutu, bila mzigo inaonyesha 12 safi lakini mota ikianza kuvuta umeme unazama. Ukipata karibu 12 kati ya waya hizo mbili na mota haizunguki, mota imekufa. Usipopata, weka sindano moja kwenye bodi ya gari na nyingine kwenye waya wa moto, ikisoma 12 basi moto unafika ila athi hairudi, tafuta kwenye swichi au bolti ya athi. Isiposoma kitu, rudi kwenye fyuzi na rilei. Rilei unaweza kuipima kwa kubadilishana na nyingine inayofanana nayo namba na miguu.

Kuna kipimo kingine cha haraka, feni ikiwa imewashwa gonga mota taratibu na mpini wa bisibisi. Ikiamka ghafla, brashi zimefika mwisho.

Rezista ukiitoa itazame vizuri. Koili zikiwa nyeusi zimefunikwa na vumbi na nyuzi, upepo ulikuwa hauipozi. Pima omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) kati ya miguu, zinatakiwa kusoma omu chache tu, isiposoma kabisa pale pamekatika. Kama koili ni nzima na ni fyuzi ya joto tu imekata, inaweza kubadilishwa yenyewe, soma namba za joto na ampea zilizoandikwa juu yake utafute ya aina hiyohiyo. Usiichomelee na risasi bila kubana miguu yake na plaizi kwanza, maana joto la kuchomelea litaikata kabla hata hujaifunga, bora uibane na klipu za kuminya. Na usiunganishe waya mtupu mahali pake, najua wapo wanaofanya hivyo na feni inafanya kazi vizuri tu, lakini siku mota ikigoma zile koili zitakuwa nyekundu ndani ya plastiki na hakuna cha kuzikatia moto. Angalia na soketi ya rezista pia, ikiwa imeyeyuka usichomeke rezista mpya kwenye soketi iliyoyeyuka, kata soketi nzima kwenye gari iliyobomolewa uunganishe.

Haya, sasa nani aliiua? Shusha mota, toa skrubu tatu, ivute chini na mapanga yake, na usishangae ukimwagikiwa na majani, vumbi, manyoya ya panya. Gari hizi nyingi hazina kabisa filta ya hewa ya ndani, kila kinachoingia pale chini ya waipa kinaishia kwenye feni. Zungusha mapanga kwa mkono. Yanatakiwa kuzunguka laini na kuendelea kidogo ukiachia. Yakiwa mazito, mota inalazimika kuvuta umeme mwingi, umeme huo wote unapita kwenye rezista, na hapo ndipo rezista ilipofia. Majani yakiwa yamejaa upepo unapungua, rezista haipozwi, inakufa vilevile. Ndio maana nimesema usinunue kwanza.

Safisha mapanga kwa brashi na upepo wa kompresa, ukipuliza yashike yasizunguke. Usitoe vile vipande vidogo vya chuma vilivyobanwa kwenye mapanga, vinaweka uzani sawa, ukivitoa itatetemeka. Bushi zikiwa kavu weka matone mawili matatu ya oili ya cherehani kwenye shafti juu na chini, zungusha mpaka iingie, futa inayozidi isifike kwenye brashi. WD-40 inasafisha vizuri lakini haikai, baada ya muda mfupi kelele inarudi.

Kama mota inafunguka, angalia brashi. Zikiwa fupi, duka la vifaa vya umeme litakupa zenye ukubwa wa karibu, zisugue kwenye msasa mpaka ziteleze bure kwenye nyumba zake bila kucheza pembeni. Pale zinaposugua kwenye shaba pasafishe kwa msasa laini na mifereji ya katikati uitoe uchafu. Lakini shaba ikiwa imelika shimo, au shafti inacheza kushoto kulia, usipoteze muda, tafuta mota nyingine.

Mota za mtumba zipo tele, Gerezani kwa Dar, Kirinyaga Road na Grogan kwa Nairobi. Nenda na ya kwako mkononi. Linganisha soketi, matundu ya skrubu, upana wa mapanga na yanakozunguka, kwa sababu mota ikizunguka kinyume bado itapuliza ila upepo dhaifu, utalaumu hita bure. Hakikisha ni ya volti 12, maana Canter nyingi na baadhi ya Land Cruiser za dizeli ni 24, mota ya 24 kwenye Corolla itajizungusha kivivu. Mwambie muuzaji aijaribu na betri palepale, sikiliza ikianza na ikisimama, shika shafti. Akikataa kujaribu, nenda duka la jirani.

Wakati wa kurudisha, kabla ya kufunga ingiza mkono na tochi juu kule utoe majani yaliyobaki, na fungua ile plastiki chini ya waipa uzibue mifereji ya maji, kwa sababu ikiziba maji ya mvua yanamwagikia mota. Mdomo wa kuingilia hewa uzibe na wavu wa chuma wenye matundu madogo, panya hapiti. Funga, washa injini, jaribu spidi 1 mpaka 4 kila moja kwa dakika kadhaa, halafu gusa soketi ya mota. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa ya moto mpaka unatoa mkono, soketi hiyo ibadilishe leoleo kabla hujafunga glavu boksi.