Upunguze Pombe au Uache? Pima Kwanza, Ndipo Uamue

Uamuzi wa pombe haufanywi Jumatatu asubuhi kichwa kikigonga, wala Ijumaa jioni mshahara umeingia. Jumatatu kila mtu ameshaacha, na Ijumaa kila mtu ataacha wiki ijayo. Chukua daftari au simu, uandike kwa siku 14 bila kubadili chochote: ulichokunywa, saa uliyoanza, saa uliyomaliza, ulikuwa na nani, na nani alilipa. Hilo la mwisho watu hulidharau, lakini ofa ndizo zinazovuruga hesabu. Mtu hukumbuka bia alizonunua na kusahau alizonunuliwa.

Baa nyingi za Arusha na Moshi huacha chupa tupu mezani mpaka bili itakapokuja. Mwambie mhudumu asiziondoe zako, hata meza ikijaa. Pombe kali ihesabu kwa toti, siyo kwa "kidogo tu". Mbege ndiyo ngumu kuliko zote. Haina lebo, na ukali wake hutegemea ndizi, kimea cha ulezi na muda uliopita tangu ichanganywe. Ya leo bado tamu. Ikilala inaendelea kuchacha na utamu unageuka kilevi. Kata ikizunguka kwa kupokezana huwezi kujua umekunywa nini, kwa hiyo mimina kwenye kopo lako la nusu lita uhesabu makopo.

Sasa geuza chupa kuwa gramu za kilevi. Zidisha mililita kwa asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, gawa kwa 100, kisha zidisha kwa 0.8. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ni gramu 20. Chupa ndogo ya konyagi, mililita 250 kwa asilimia 35, ni gramu 70, yaani bia tatu na nusu ndani ya kitu kinachoingia mfukoni. Lita ya mbege, tukiichukulia kuwa na asilimia 4, ni gramu 32. Gongo haina hesabu: hakuna anayejua asilimia yake, na inaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Hiyo haipunguzwi, inaachwa.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kabisa. Ukitaka mstari wa kujilinganisha, Uingereza huwashauri watu wake wasizidishe takriban gramu 112 kwa wiki, zikigawanywa katika siku tatu au zaidi. Hizo ni bia tano na nusu kwa wiki nzima. Wengi wakifika hapa hukagua hesabu upya wakidhani wamekosea kuzidisha.

Hesabu hiyo inamhusu sana anayeendesha. Mwili huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, na supu ya asubuhi, kahawa au kuoga maji ya baridi haviongezi kasi. Ukinywa bia tano na kumaliza saa sita usiku, saa kumi na mbili asubuhi ukiwasha bodaboda kwenda Himo au Boma Ng'ombe kuna uwezekano mkubwa bado una kilevi kwenye damu.

Kabla ya kujaribu kuacha hata siku moja, jiulize: je, unatoa loki? Yaani asubuhi mikono inatetemeka, unatoka jasho, unasikia kichefuchefu, na bia moja inakutuliza? Kama ndiyo, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Arosto ya pombe, yaani mateso ya mwili uliozoea pombe ukiikosa, tofauti na ya vilevi vingine vingi, inaweza kuua. Huanza saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Kuanguka kama mwenye kifafa hutokea zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo. Na kati ya siku ya pili na ya nne baadhi huchanganyikiwa, wakaona vitu visivyokuwepo. Watu husema amerogwa, na saa za kumwokoa zinapita. Nenda hospitali ya Mawenzi au KCMC kama uko Moshi, ya Mount Meru kama uko Arusha, useme wazi unakunywa kiasi gani kila siku. Daktari ana dawa za kutuliza arosto kwa dozi inayoshuka, na atakupa vitamini B1, kwa sababu pombe ya muda mrefu huimaliza na ubongo huumia. Diazepamu, dawa ya kutuliza, ukijinunulia duka la dawa na kuimeza juu ya pombe, inaweza kuzuia pumzi.

Wapo pia ambao kupunguza si chaguo lao: mjamzito, mwenye ugonjwa wa ini au homa ya ini, aliyewahi kuugua kongosho, mwenye kifafa, na anayetumia dawa za TB. Hao jibu lao ni kuacha. Anayetumia dawa za kisukari au dawa nyingine za kila siku amuulize daktari kwanza.

Usipokuwa katika makundi hayo, fanya jaribio: siku 30 bila tone. Juma la kwanza usingizi huwa mbaya, hiyo isikutishe; kwa wengi hutulia baadaye. Angalia mambo mawili. La kwanza, je, uliweza? La pili, na ndilo zito zaidi, mawazo yako yalikuwa wapi? Aliyemaliza mwezi huku akihesabu siku za kurudi kaunta amepata jibu tofauti na aliyesahau kuwa yuko kwenye jaribio.

Ukiweza bila shida, kupunguza kunawezekana, ila kwa kanuni zilizoandikwa. Weka siku mbili maalumu kwa wiki na bia mbili kwa siku, ule kabla, unywe maji kati ya bia na bia. Beba taslimu ya bia hizo na nauli, na simu yenye M-Pesa ibaki nyumbani au kwa mwenzako. Usiingie kwenye mzunguko wa ofa, maana watu watano mezani maana yake ni bia tano. Ukivunja kanuni mara tatu ndani ya miezi miwili, acha kuibadilisha kanuni. Badilisha uamuzi.

Na hapa tuseme tunavyoona: kwa mtu ambaye bia ya kwanza humfungulia ya sita, kuacha ni rahisi kuliko kupunguza. Anayepunguza huamua upya kila jioni, tena akiwa ameshakunywa mbili na akili imelegea. Anayeacha huamua mara moja, kabla hajaagiza.

Aliyechagua kuacha apange kwanza ile saa aliyokuwa akinywa. Kitimoto na ndizi choma vinapatikana pia kwa kufungiwa, ukale nyumbani. Ukilazimika kukaa baa, agiza wa kwanza na ushike glasi yenye kitu, maana mkono mtupu ndio unaovuta ofa. Ukitaka "Kilimanjaro", malizia kwa kusema maji, kwa kuwa ni jina la bia pia.

Desemba, ukoo mzima ukiwa umepanda mgombani, yaani umerudi nyumbani kijijini, usidanganye kwamba uko kwenye dawa. Utaulizwa dawa gani, kisha utaulizwa utamaliza lini. Mtafute mapema shangazi au kaka mkubwa anayeheshimika, umweleze faraghani, akusemee. Mzee akikupa kata, ipokee kwa heshima, umshukuru, umpe aliye pembeni yako. Aliyeacha asionje hata kwa adabu. Na kama uliteleza sikukuu, andika tarehe, kiasi na mahali ulipokuwa, kisha kesho yake endelea na mpango uleule. Ukiona mikono imeanza kutetemeka tena asubuhi, rudi hospitali.