Kutambua umri wa wembe wa kukunja wa Sheffield

Anza na shingo, kile kipande cha chuma kati ya ubapa na mpini, kwa sababu hapo ndipo mafundi wa Sheffield, mji wa Uingereza, walipopiga mhuri. Usiisugue kwa msasa ili isomeke: mhuri ukishalika haurudi. Paka tone la mafuta mepesi, liache hadi kesho yake, futa kwa kitambaa laini, kisha mulika tochi kutoka ubavuni. Kivuli ndicho kitakachozionyesha herufi.

Taji lenye VR ni la Malkia Victoria, 1837 hadi 1901. WR ni la William wa Nne, 1830 hadi 1837. GR ndiyo inayowapoteza wengi, maana wafalme walioitwa George walitawala mfululizo 1714 hadi 1830, kisha George wa Tano akashika kiti 1910. Neno England likiwepo, kwa kawaida wembe ni wa 1891 au baadaye, kwani sheria ya ushuru ya Marekani ilitaka bidhaa zitaje nchi zilikotengenezwa. Lisipokuwepo, usihitimishe lolote. Wembe uliouzwa huko huko Uingereza haukulihitaji.

Kwa hiyo umbo lazima likubaliane na mhuri. Nyembe za karne ya 18 mara nyingi hazina mkia wa kuegemeza kidole, au zinao mfupi tu. Mkia mrefu ulienea karne ya 19. Utazame pia ubapa kutoka nchani. Wa zamani ni kabari nene yenye pande karibu bapa. Pande zikiwa zimechimbwa sana, hata chuma kikalia ukikigusa kwa ukucha, huo ni wa mwishoni mwa karne ya 19 au baada yake.

Mpini usiuamini peke yake, kwani ulivunjika na kubadilishwa mara nyingi. Mfupa una vitone na vistari vyeusi vidogo. Pembe ya ndovu haina vitone hivyo, na mahali ilipokatwa kwa kukingama huonyesha mistari inayopishana kama wavu. Hiyo inabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, basi uliza vibali kabla ya kununua au kuivusha mpaka. Seluloidi, plastiki ya kale, iliyoigiza pembe ya ndovu ina mistari sawia mno, na ukiisugua kwa kidole hadi ipate joto hunuka kafuri. Usiijaribu kwa sindano ya moto, hushika moto upesi sana. Ilianza kuuzwa miaka ya 1870, hivyo mpini wa seluloidi kwenye wembe wa WR ni wa kubadilishwa.

Seluloidi ikianza kuoza hutoa mvuke wa asidi: ubapa hupata kutu pale tu unapolala ndani ya mpini, na nyembe za jirani huambukizwa. Utenge wembe huo mara moja, mahali penye hewa.

Kabla ya kulipa, pitisha makali mbele ya taa. Pengo dogo hunoleka. Ufa unaopanda kutoka kwenye makali kuelekea mgongoni hautengenezeki, hata mhuri uwe wa Joseph Rodgers, mtengenezaji mashuhuri wa Sheffield.