Mkanda mpya uzoeze kabla ya safari

Ukishafumua kigari chako cha porini na kukiunga upya, usiondoke kesho yake. Mkanda mpya wa gia otomatiki, ule wa mpira unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu, unataka kuzoezwa: tembea kilomita 50 hivi kwa upole, ukibadilisha mwendo, bila mzigo mzito wala kukanyaga mafuta hadi mwisho. Kisha uvue, uuchore mshale wa upande unaozungukia, uwe wa akiba. Uzoeze na wa pili.

Nati za miguu, yaani vyuma vinavyoshikilia magurudumu, ukishazikaza, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Kila mkisimama, inama uangalie. Mstari ukikatika, nati imeanza kulegea. Taa za ziada zinaweza kusubiri, beringi zinazocheza haziwezi.