Kusoma Kituruki na Kikazakhi Chuoni: Mwongozo kwa Vijana wa Nyanda za Juu Kusini Walio Ughaibuni

Andika katika daftari maneno manne: pikia, fungia, somea, chekea. Mtoto aliyekulia Uyole, Mafinga au Njombe hakufundishwa na mtu yeyote kwamba husemwa "somea" na si "somia". Sikio lake lenyewe hulikataa neno la pili, kwa sababu irabu ya mzizi huivuta irabu ya kiambishi kinachofuata. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalowaambia vijana wetu walio vyuoni nje ya nchi wanaponiuliza kama wataweza kujifunza Kituruki au Kikazakhi, kwa maana lugha hizo mbili zimejengwa juu ya kanuni ya namna hiyohiyo.

Katika Kituruki wingi wa ev, yaani nyumba, ni evler, lakini wingi wa okul, yaani shule, ni okullar. Irabu ya mwisho ya neno ndiyo inayoamua. Katika Kikazakhi kiambishi hicho cha wingi kina sura sita, kwa kuwa konsonanti inayotangulia nayo hudai haki yake: balalar ni watoto, üyler ni nyumba, kitaptar ni vitabu. Tazama pia kitenzi. Kiingereza kinahitaji maneno kadhaa ili kusema "hatutakuja", ilhali Mturuki husema neno moja tu, gelmeyeceğiz: gel ni mzizi wa kuja, me ni ukanushi, yeceğ ni wakati ujao, na iz ni sisi. Sisi huyapanga mambo hayo mbele ya mzizi, wao huyapanga nyuma yake, lakini kazi ni ileile. Tena hawana neno moja la "yeye" mwanamume na jingine la "yeye" mwanamke. Neno lao ni o, nalo linatosha kwa wote.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni kwamba usizisome lugha hizi kwa kupitia Kiingereza peke yake. Vitabu vingi vya kufundishia vimeandikwa kwa ajili ya Wazungu, na hutumia kurasa nyingi kueleza kama jambo la ajabu kile ambacho wewe umekitamka tangu utotoni. Taasisi inayofundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba msemaji wa Kiingereza anahitaji takribani wiki 44 za darasani, yaani saa 1,100, ili aimudu Kituruki au Kikazakhi. Makadirio hayo hayakukufikiria wewe. Tenga daftari lenye safu tatu, ya kwanza kwa sentensi ya Kituruki, ya pili kwa sentensi hiyo ikiwa imekatwa vipandevipande, na ya tatu kwa Kiswahili kilichokatwa vivyo hivyo. Nilipoanza, tulikuwa wanafunzi wanne tu darasani, na daftari la namna hiyo ndilo lililonifanya nielewe nyakati za vitenzi ndani ya muhula mmoja.

Ugumu upo, nao uko mahali pengine. Kitenzi hukaa mwisho wa sentensi, na maelezo yote ya nomino hutangulia. "Mwanafunzi aliyekuja jana" huwa dün gelen öğrenci, yaani jana, aliyekuja, mwanafunzi. Sentensi ndefu ya gazeti hukulazimu uishike pumzi hadi kituo ndipo ujue nani amefanya nini. Hapo hakuna njia ya mkato. Soma kwa sauti kila siku, hata dakika 20, mpaka akili izoee kusubiri.

Jihadhari pia na maneno ya asili ya Kiarabu tunayoshirikiana nao. Kitap, kalem, haber, saat, dakika, dünya na sabun hayahitaji tafsiri, lakini misafir si msafiri bali ni mgeni, na zaman si zamani bali ni wakati. Siku ya kwanza ya masomo mwalimu wetu, mzee mwenye mvi, aliingia akasema "Merhaba", nami nikainua kichwa kwa mshangao, kwa kuwa niliisikia marahaba ikitolewa kabla ya shikamoo. Kwao ni salamu ya kawaida inayotolewa na yeyote kwa yeyote. Heshima kwa wakubwa huonyeshwa kwa njia nyingine, hasa kwa kutumia siz, yaani "ninyi", badala ya sen, hata unapozungumza na mtu mmoja, na Kikazakhi nacho kina siz na sen. Mnyakyusa aliyelelewa kumwamkia mzee mmoja kwa wingi, mwaghonile, hahitaji somo refu hapo.

Ukiulizwa uanze na ipi, anza na Kituruki. Kina walimu wengi zaidi, vitabu vingi zaidi, na tangu mwaka 1928 kinaandikwa kwa herufi za Kilatini, ambazo ni 29. Kikazakhi kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu hadi mwaka 1929, kikahamia Kilatini, kisha mwaka 1940 kikapewa herufi za Kisirili, ambazo sasa ni 42. Serikali ya Kazakhstan imepanga kurudi kwenye Kilatini, hivyo mwanafunzi wa leo hana budi kujua kusoma kwa herufi za aina zote mbili. Isitoshe, katika miji kama Almaty na Astana Kirusi bado kinatumika sana, na asiyekijua kabisa atapata taabu. Miaka miwili ya Kituruki kwanza itaufanya mwaka wa Kikazakhi uwe mwepesi.

Kabla ya kujiandikisha, mwandikie mkuu wa idara umuulize mambo mawili: somo linafika mwaka wa ngapi, na wanafunzi wakiwa wachache linafutwa au linaendelea? Masomo haya hufutwa kwa urahisi, na mtu akabaki na mwaka mmoja usio na mwendelezo. Vyuo vyenye mizizi mirefu katika lugha hizi ni pamoja na Indiana University nchini Marekani, SOAS mjini London na INALCO mjini Paris. Aliye Ujerumani ana neema ya pekee, kwa kuwa tangu mkataba wa wafanyakazi wa mwaka 1961 Waturuki wamekaa huko kwa wingi, na duka la mboga la mtaani linaweza kuwa darasa lako la jioni.

Kuhusu fedha, usipoteze muda kuomba kisichokuhusu. Ufadhili wa serikali ya Marekani unaoitwa FLAS ni wa raia na wakazi wa kudumu, na ule wa Critical Language Scholarship ni wa raia peke yao. Mlango ulio wazi kwa Mtanzania ni Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali ya Uturuki, ambao kwa kawaida hupokea maombi kati ya Januari na Februari, hulipia ada, malazi, bima na nauli ya ndege, na huanza na mwaka mmoja wa lugha. Maombi yake ni bure. Nalisisitiza hili kwa uchungu, kwa sababu namfahamu mzazi wa Mbeya aliyeuza mpunga wake akamlipa wakala "ada ya fomu" ambayo haipo.

Mzazi akikuuliza utafanyia nini lugha hiyo, usimpe ahadi kubwa. Mweleze kwamba lugha huambatanishwa na fani nyingine, kama uhandisi, biashara au sheria. Kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki ndiyo iliyojenga reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, na wafanyabiashara wetu huenda Istanbul kufuata nguo. Ni hoja anazoweza kuziona kwa macho yake pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya.

Mwisho ni karatasi, na hapa wengi huumia. Ukirudi, shahada ya nje itahitaji kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Omba maelezo ya kila somo ulilosoma, yenye mhuri, ungali chuoni, na kama yameandikwa kwa Kituruki yatafsiriwe huko huko na mfasiri aliyeapishwa kabla hujakata tiketi, kwani kuyafuatilia kutoka Iringa kwa simu ni kazi ya miezi.